Picha "zimeboreshwa" au "zimenolewa"?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, niko Bagamoyo. Kwenye ripoti yangu kuhusu mikoko ya mlango wa Mto Ruvu nimeandika "picha za setilaiti ziliboreshwa", maana niliunganisha picha za rangi na ile ya kijivu iliyo kali zaidi. Mwenzangu anasema niandike "zilichanganywa". Nani kapatia?

JIBU: Hakuna aliyepatia, ingawa mwenzako kakaribia. Picha zinaweza kuchanganywa na zikatoka ovyo kuliko mwanzo. Ila kinachoniudhi hasa ni hilo "kuboresha".

Limetokana na "bora", na kisarufi halina kosa. Kosa ni uvivu wa wanaolitumia. Siku hizi barabara inaboreshwa, huduma zinaboreshwa, mtaala unaboreshwa. Hata daftari la wapiga kura, ambako kazi yenyewe ni kuandikisha wapya na kufuta waliofariki, nalo linaboreshwa! Sasa tazama sentensi yako. Umeondoa mawingu? Umeongeza mwanga? Umekoleza rangi? Mimi msomaji nitajuaje?

Na ulichofanya kinaelezeka vizuri tu. Setilaiti ya Landsat 8 hupiga picha za rangi ambazo kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, ni mita 30 kwa 30 ardhini, na ya kijivu yenye pikseli za mita 15. Pikseli nne za kijivu zinaenea ndani ya moja ya rangi. Kwenye picha ya rangi, mkondo mwembamba kati ya mikoko humezwa na kijani, na kingo za majaruba ya chumvi huwa ngazi ngazi. Ya kijivu inazichora kingo hizo, lakini haina rangi. Wewe umechukua makali huku, rangi kule.

Kitenzi chake tunacho: kunoa. Kisu kikipita kwenye kinoo hupata makali na hubaki kisu kilekile. Waandishi wa michezo wamelielewa zamani, ndiyo maana kocha "anainoa" timu. Andika: "Picha za rangi zilinolewa kwa picha ya kijivu."

Kisha ongeza sentensi moja kuhusu rangi. Picha ya kijivu ya Landsat 8 haichukui infraredi, mwanga ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Ukiinoa picha ya infraredi kwa hiyo ya kijivu, thamani zake zinaweza kupotoka. Kama ulipima afya ya mikoko kwa picha zilizonolewa, sema. Kama ulipimia picha asilia, na zilizonolewa zikawa za kutazama tu, sema pia. "Ziliboreshwa" inayaficha yote mawili, na msimamizi wako ana haki ya kukurudishia ripoti.