Kabla hujalipia meli ya kitalii, soma stika ya viza yako: ni 01 au ni MULT?

Wiki iliyopita binti mmoja wa Jinja kaniandikia inbox, "Anti, nimepata kruzi ya siku saba Mediterania, bei imeshuka, wanataka advansi mpaka Ijumaa, nilipe?" Akanitumia na skrinshoti ya ratiba. Nilipoiona tu tumbo likanikata, maana ni njia ileile iliyoniangusha mimi. Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya Roma, Palermo, La Goulette, halafu Barcelona tena. Nikamwambia usilipe kwanza, nitakujibu kwa urefu, na nimeona bora niandike hapa msome wote kwa sababu mko wengi mnaotamani safari hii na mnaogopa kuuliza. Tamaneni. Mimi mtoto wa Arua nauza vitenge soko la Kikuubo, Kampala, na nimelala kwenye meli yenye lifti, kwa pesa yangu.

Lakini mara ya kwanza sikulala.

Ilikuwa 2024. Kikundi chetu cha nigiina, yaani cha kuchangiana pesa, tulikuwa wanawake sita, tukaweka pesa mwaka na nusu, wengine wakapata ada za watoto, wengine wakapata kiwanja, mwisho tukabaki wawili, mimi na Hajati wa duka la jirani, rafiki yangu wa miaka mingi. Mambo ya benki na picha na alama za vidole nayaruka, mnayajua. Ada ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ilikuwa imepanda mwezi wa sita mwaka huo ikawa euro 90, na haurudishiwi hata wakikunyima. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Tukalipa yote. Fomu tulijaziwa na kijana wa ofisi moja ya safari hapa mjini, na pale wanapouliza unataka kuingia mara ngapi, kwangu aliweka tiki kwenye mara moja. Nilimuuliza. Akaniambia, "Mama, viza ni viza." Hajati alikuwa ameshaenda Ujerumani kwa mwanae, yeye akapewa ya kuingia mara nyingi.

Sasa fikiria mko kaunta ya bandari pale Barcelona, masanduku yameshafungwa lebo za vyumba. Msichana wa kaunta amevaa skafu nyekundu, anafungua paspoti yangu, anaweka ukucha wake juu ya stika, pale penye idadi ya kuingia. 01. Halafu anachukua ratiba anaweka ukucha huohuo kwenye La Goulette. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akanieleza kwamba La Goulette ni bandari ya Tunis, Tunisia haimo Schengen, kwa hiyo meli ikiondoka Palermo mimi nimehesabiwa nimetoka Ulaya na ile moja yangu imeisha, na meli inarudi Barcelona, sasa nitashukaje? Nikamwambia mimi Tunis sishuki, nitajifungia chumbani. Akasema kushuka au kutoshuka hakubadilishi kitu, meli ikienda nchi ya nje nimekwenda nayo. Akamuita bosi wake, bosi akasema yaleyale.

Hajati stika yake ilisoma MULT, yaani kuingia mara nyingi. Alinishika mkono akaniambia, "Pole dada, pesa imeshalipwa," akapanda. Mimi nikakalia sanduku langu.

Zile pesa hazikurudi. Karibu kampuni zote za meli zimeandika kwenye masharti kwamba karatasi za safari ni jukumu la abiria, ukikataliwa mlangoni ni shauri yako. Nilikaa hosteli siku saba nikisubiri ndege ya kurudi, na kila jioni Hajati ananitumia picha, mara meza ya keki, mara bahari, mara yeye na kofia. Sikumjibu hata moja. Watu wananiambia samehe, na nimesamehe, lakini picha zile sijazifuta.

Kwa hiyo binti yangu, jambo la kwanza ni hilo: soma ratiba bandari kwa bandari, na kila bandari ujiulize hii ni nchi gani na iko ndani ya Schengen au nje. Meli ikitoka nje halafu ikarudi, hata kwa saa sita, unahitaji MULT, au angalau 02. Mwaka uliofuata nilijaza fomu mwenyewe, usiku, watoto wamelala. Nikaandika barua, tarehe na bandari moja moja, La Goulette nikaipigia mstari, nikaomba kuingia mara nyingi na nikaeleza kwa nini. Wakanipa. Beba pia ile kadi ya njano ya homa ya manjano, sisi tunatoka nchi yenye ugonjwa huo na bandari nyingine watauliza, na tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha. Na kuhusu sheria za Tunisia yenyewe kwa abiria wa siku moja, iulize kampuni ya meli ikujibu kwa maandishi, si kwa simu.

Jambo la pili ndilo hamniulizi, na mimi lilinisumbua kuliko viza. Tarehe 21 Februari 2023 rais wa Tunisia, Kais Saied, alisema wahamiaji wa Afrika kusini mwa Sahara wako kwenye mpango wa kubadilisha sura ya watu wa nchi yake. Baada ya hapo watu weusi walifukuzwa kwenye nyumba za kupanga, walipigwa mitaani, Guinea, Mali na Ivory Coast zikatuma ndege kuchukua watu wao, na Umoja wa Afrika ukalaani yale maneno. Zile video nilizitazama dukani kwenye simu, mtu kabeba godoro na mtoto mgongoni, mweusi kama mimi. Sasa mimi niende kule kupiga picha na kununua vyungu?

Nilijiambia nitaamua nikifika. Hilo lilikuwa kosa. Asubuhi ya La Goulette abiria wote wanashuka kwenda Carthage na Sidi Bou Said, mimi nimebaki juu kwenye viti vya bwawa, moyo umejaa. Akaja mhudumu mmoja wa Kilifi, tulishajuana kwa Kiswahili tangu siku ya pili, akaniuliza mbona hushuki. Nikamweleza yote. Nilidhani ataniunga mkono. Akasema, "Dada, mie hushuka kila wiki, nakaa pale mkahawani naongea na mwanangu kwa video. Na kodi ya bandari mshalipa nyote, aloshuka na asoshuka."

Maneno yale yaliniingia. Alikuwa na haki, kodi na ada za bandari zimo ndani ya tiketi, kwa hiyo kukaa kwangu bwawani kulikuwa kwa ajili yangu mwenyewe, Tunisia haikupoteza hata senti. Sijutii kutoshuka. Ila kama dhamira yako inakukataza nchi fulani, iamue kabla ya advansi, chagua njia nyingine. Zipo ratiba za upande uleule zinazosimama Valletta badala ya Tunis, na Malta iko Schengen tangu 2007, safari nzima inabaki ndani. Yaani njia ileile inayotuliza moyo ndiyo hiyohiyo inayokuvusha hata na stika ya 01.

Hata hapo lakini omba MULT tu, nawasihi, kwa sababu kampuni inaruhusiwa kubadilisha bandari na siasa huwa hazitoi taarifa. St Petersburg ilikuwa kituo kikubwa, abiria wanaingia na ziara ya meli mpaka saa 72 bila viza ya Urusi, vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 meli zikaacha kwenda. Haifa na Ashdod, bandari za Israeli, hivyohivyo baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023. Waliopanga kuhiji huko kwa meli walipewa bandari nyingine. Ukipewa bandari nyingine, stika yako inaruhusu?

Jamani tuache uvivu wa kusomewa karatasi zetu. Tunasoma mkataba wa ploti mara tatu, tunaita mwenyekiti wa LC, yule wa serikali ya mtaa, na mashahidi, halafu paspoti tunamwachia kijana wa ofisini aliyevaa tai. Soma mwenyewe. Ile stika ni ndogo kama bahasha, ina mistari michache, hakuna usichoelewa pale.

Binti wa Jinja amenijibu jana, ameacha ile ofa na anatafuta ya Valletta. Na mimi narudi mwakani Mungu akipenda, tuko watatu wa nigiina. Hajati amesikia, ameomba tuende naye. Bado sijamjibu.