Ukikabidhi memori kwa kifaa, jina la funksheni limtaje anayepokea

Kwa wiki tatu niliandamwa na namba 16. Kifaa tulichokuwa tukikitengeneza kilikuwa kadi ya kusomea mizani ya malori. Sensa zilizo chini ya jukwaa zinatoa sampuli, kadi inaziandika moja kwa moja kwenye memori ya kompyuta kwa njia ya DMA, yaani bila kupitia prosesa, na kiendeshi (programu ya kukiongoza kifaa) nilichokiandika kwenye Linux kinazichukua na kuzipeleka kwa programu ya kukokotoa uzito. Kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya x86 mambo yalikwenda sawa kwa miezi miwili. Tulipohamia kwenye bodi ndogo yenye prosesa ya aina nyingine, ARM, mara mojamoja lori likaanza kupewa kipande cha uzito wa lori lililotangulia. Haikuwa bafa nzima, yaani eneo zima la memori ambamo kadi huandika. Zilikuwa sampuli 16 mfululizo, kisha data inaendelea vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kila sampuli ilikuwa na baiti 4. Zidisha kwa 16 upate 64, na 64 ndiyo urefu wa mstari mmoja wa kashe, memori ndogo ya haraka ya prosesa, kwenye prosesa ile. Nilipofanya hesabu hiyo ndipo nikajua kwamba kadi haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye makabidhiano.

Naeleza kwa wale ambao hawajawahi kuandika kiendeshi. Prosesa haisomi memori kila mara, husoma nakala iliyo kwenye kashe yake. Kifaa kinachotumia DMA huandika kwenye memori yenyewe. Kwenye kompyuta nyingi za x86 maunzi yanahakikisha pande hizi mbili zinaona kitu kimoja, kwa hiyo ukikosea hupati adhabu. Kwenye bodi nyingi za ARM hakuna anayekuhakikishia. Ni lazima kiendeshi kiiambie kerneli, kiini cha mfumo endeshi: sasa bafa hii ni ya kifaa, prosesa isiiguse; sasa imerudi kwa prosesa, tupa nakala za zamani. Linux ina funksheni mbili za kazi hiyo: `dma_sync_single_for_device` na `dma_sync_single_for_cpu`.

Mimi nilikuwa nimezifunika zote mbili kwa funksheni moja ya timu yetu, nikaiita `bafa_sync`. Niliona nawarahisishia wenzangu. Ndani yake iliita upande wa kifaa tu. Tuliiita kabla ya kadi kuanza kuandika, na kadi ilipomaliza tulisoma moja kwa moja. Kumbe wakati kadi inaandika, prosesa ya ARM inaweza kujichotea mstari wa kashe kwa kubahatisha, ikidhani utahitajika muda si mrefu. Mstari huo unakuwa na data ya zamani, na kwa kuwa hatukuita upande wa prosesa baada ya kadi kumaliza, hakuna aliyeutupa. Hizo ndizo sampuli zetu 16.

Kilichoniuma ni kwamba mwenzangu aliyeukagua msimbo wangu alikuwa makini kweli, na bado hakuona kitu. Asingeweza kuona. Jina `bafa_sync` halisemi nani anapokea. Ukilisoma kabla ya kadi kuanza, linaonekana sahihi. Na asiyeliona baada ya kadi kumaliza hana sababu ya kuuliza liko wapi, kwa sababu "sync imeshafanyika".

Kerneli yenyewe iliwahi kupitia hapo. Zamani kulikuwa na `dma_sync_single`, bila kutaja upande. Ni katika enzi za matoleo ya 2.6 ndipo kazi ilipogawanywa kwa majina mawili tunayoyatumia leo. Nilikuwa nimechukua mgawanyo ambao watu waliupata kwa jasho, nikaurudisha kuwa jina moja. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayebuni kiolesura cha namna hii, yaani funksheni ambazo wengine wataziita: jina limtaje anayepokea. Usiandike "sawazisha", "safisha" wala "andaa". Andika "mpe kifaa" na "rudisha kwa prosesa". Anayesoma msimbo aweze kuweka kidole kwenye mstari wowote na kusema, hapa bafa iko kwa fulani.

Kuna jambo la pili, gumu zaidi, na naomba nitulie nalo kidogo maana hata kerneli bado ina kovu lake.

Mwanzoni mwa 2022 kulikuwa na kasoro ya usalama iliyosajiliwa kwenye orodha ya umma ya kasoro za usalama kama CVE-2022-0854. Ilihusu swiotlb, sehemu ya kerneli inayotumia bafa za kati pale ambapo kifaa hakiwezi kuifikia memori yenyewe. Kifaa kinaandika kwenye bafa ya kati, kisha kerneli inanakili kwenda kwenye bafa halisi. Tatizo lilikuja pale kifaa kilipoandika baiti chache kuliko zilizotengwa. Kerneli ilinakili bafa ya kati yote, pamoja na mabaki ya data ya watu wengine yaliyokuwa yamelala humo. Moja ya viraka (marekebisho ya msimbo) vya kuziba tundu hilo kilifuata mantiki safi kabisa: kila mara bafa inapokabidhiwa kwa kifaa, nakili kwanza bafa halisi kwenda kwenye bafa ya kati, ili pasibaki mabaki ya mtu.

Kiraka hicho kikavunja wifi kwenye kompyuta zinazotumia kiendeshi kiitwacho ath9k. Kiendeshi kile kilikuwa na tabia ya kuchungulia. Kiliita upande wa prosesa, kikatazama kama pakiti imeshafika, na kama bado, kikaita upande wa kifaa ili bafa irudi. Lakini kifaa hakikuwa kimesimama hata sekunde moja. Kilikuwa kinaendelea kuandika muda wote. Baada ya kiraka, kule "kurudisha" kukawa na maana ya kunakili data ya zamani juu ya ile ambayo kifaa kimetoka kuiandika. Pakiti zikapotea. Machi 2022 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakiondoa kiraka, na siku chache baadaye ikarudishwa sehemu tu: kunakili wakati bafa inapotengwa kwa mara ya kwanza, si kila inaporudishwa kwa kifaa.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na sioni mzembe ndani yake. Walioandika kiraka waliamini kwamba anayeita `for_device` anakabidhi kweli. Walioandika kiendeshi waliamini kwamba wanaruhusiwa kuchungulia na kurudisha pazia. Kiolesura kiliwapa neno moja kwa vitendo viwili tofauti. Kuchukua ni kusema: wewe umemaliza, sasa ni zamu yangu. Kuchungulia ni kusema: endelea na kazi yako, mimi natazama tu. Mama anayefunua sufuria kuona kama wali umeiva hajaiepua jikoni.

Kwa hiyo, kama kwenye mfumo wako kuna mtu atakayehitaji kuchungulia, na karibu kila mara yupo, mpe funksheni yake. Usimwache aigize kwa kuchukua na kurudisha. Kwenye maktaba yetu mpya nimeweka tatu: `bafa_mpe_kifaa`, `bafa_chukua` na `bafa_chungulia`. Ya tatu inakubali neno la hali tu, lile ambalo kadi hulibadilisha ikimaliza, na tumelitoa kabisa ndani ya bafa ya data. Liko kwenye eneo dogo la memori lililotengwa kwa `dma_alloc_coherent`, ambako prosesa na kifaa huonana bila kusubiri kukabidhiana. Ungeniuliza ni badiliko gani moja lililotusaidia kuliko yote, ningekutajia hilo la kutenganisha hali na data.

Kuhusu mwelekeo wa data, maneno "soma" na "andika" yaogope. Nani anasoma? Kadi inaposoma memori, prosesa ndiyo iliyoandika. Kerneli iliepuka mtego huo vizuri: `DMA_TO_DEVICE`, `DMA_FROM_DEVICE`. Hakuna wa kubishana. Na usiwe mwepesi wa kutumia `DMA_BIDIRECTIONAL` kwa kuwa umechoka kufikiri. Atakayesoma msimbo wako ataamini kwamba data kweli inakwenda pande zote mbili.

Linux ina udhaifu mmoja ambao siwezi kuurekebisha ila naweza kuufunika. Ukishaita `dma_map_single`, funksheni ya kuifungua bafa kwa ajili ya kifaa, anwani uliyokuwa ukiitumia kwenye prosesa haiondoki. Bado iko mkononi mwako, na lugha ya C haitakuzuia kuitumia. Wakati wa kufunga unatakiwa utaje upya kifaa, anwani, ukubwa na mwelekeo, vyote kwa kukumbuka mwenyewe. Sisi tumeviweka vyote ndani ya muundo mmoja, na anwani ya prosesa haitoki humo isipokuwa kwa `bafa_chukua`. Ukirudisha bafa, tunaifanya anwani ile kuwa tupu. Mtu akiigusa wakati si zamu yake, programu inaanguka palepale, mbele ya macho yake, na si miezi miwili baadaye kwenye mizani ya mteja. Gharama yake ni mistari michache ya msimbo.

Fikiria pia kifo. Kiendeshi kikifa ghafla, kifaa hakijui. Kitaendelea kuandika pale kilipoambiwa, hata kama memori ile imeshagawiwa kwa kazi nyingine. Hapa nawasifu wabunifu wa Zircon, kerneli ya Fuchsia, mfumo endeshi wa Google. Kiendeshi kinachotaka kukipa kifaa memori huita `zx_bti_pin` na kupewa kishikio. Kishikio kikifungwa bila kuita `zx_pmt_unpin`, kwa mfano kwa sababu mchakato umekufa, kerneli haiirudishi memori ile kwenye mzunguko. Inaiweka karantini, na haitoki humo hadi kiendeshi kipya kikisimamishe kifaa na kuita `zx_bti_release_quarantine`. Yaani kukosekana kwa neno la mwisho hakuhesabiwi kuwa makabidhiano. Ningependa mawazo hayo yaenee kwenye violesura vingi zaidi, hata vile vidogo vya ndani ya kampuni ambavyo tunadhani havistahili kubuniwa kwa uangalifu.

Kama una kiendeshi mezani sasa hivi, kompaili kerneli ukiwa umewasha `CONFIG_DMA_API_DEBUG`. Itakulalamikia ukifunga kwa ukubwa usiolingana na uliofungulia, ukikosea mwelekeo, au ukisahau kuita `dma_mapping_error` baada ya `dma_map_single` ili kujua kama imefaulu. Haitakuambia kwamba prosesa imesoma bafa wakati si zamu yake, kwa hiyo kasoro yangu ya sampuli 16 ingepita humo bila kelele. Kwa hiyo pima kwenye bodi ambayo maunzi yake hayakubebi, na upime mapema, kabla msimbo haujazoea x86. Jaribio letu sasa ni hili: kabla ya kila mzunguko tunaijaza bafa yote kwa baiti ya alama, 0xA5, tunaikabidhi kwa kadi, kadi inaandika namba zinazopanda kwa mfuatano, kisha tunachukua na kukagua kila baiti. Tunaliacha likimbie usiku kucha kwenye bodi ya ARM huku programu nyingine ikiivuruga kashe kwa makusudi. Asubuhi natafuta 0xA5 kwenye kumbukumbu za jaribio kabla sijafungua barua pepe.