Uji wa nafaka tisa na uzito uliosimama

Mama mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia wiki hii. Mwanawe ana miezi 9 na kilo 7.6, na mstari kwenye kadi ya kliniki umelala tangu alipofikisha miezi saba. Anakunywa uji wa lishe "wa nafaka tisa" mara nne kwa siku, kikombe cha mililita 200, na anaumaliza. Maziwa ya mama nayo yanapungua. Mama mkwe ameshatoa hukumu: mtoto amebemendwa. Mwishoni, kwa kupitia tu, akagusia kwamba binti yake mkubwa yuko kidato cha pili bweni, anachoka sana, na akiinuka ghafla anaona giza.

Hilo la kubemenda tulimalize kwanza. Tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama, wala halimdhoofishi mtoto. Imani hii inadumu kwa sababu mimba nyingine ikiingia maziwa hupungua kweli, mtoto huachishwa ghafla, akakonda, na lawama zikamwangukia mama. Dawa yake ni uzazi wa mpango. Kumtenga mama na mumewe hakumwongezei mtoto hata gramu moja.

Sasa tuje kwenye kikombe. Uji ambao mtoto anaunywa kama chai kwa kawaida ni vijiko vinne vya chakula vya unga, yaani gramu 40 hivi, katika mililita 600 za maji. Unga huo una kilokalori 140 hivi. Mgawanyo ni kilokalori 23 kwa kila mililita 100, wakati maziwa ya mama yana 65 hadi 70. Umempa kinywaji chenye theluthi moja tu ya nguvu ya kile alichokuwa nacho. Tumbo la mtoto wa kilo 7.6 linabeba mililita 230 hivi kwa mlo, kwa hiyo likijaa uji halina tena nafasi ya titi. Vikombe vyote vinne vya siku vinampa kilokalori zisizofika 190, ilhali mtoto wa miezi 9 hadi 11 anahitaji kama 300 kutoka kwenye chakula, mbali na zile za maziwa ya mama. Titi lisiponyonywa halitengenezi, ndiyo maana maziwa yamepungua. Huyu mtoto anashiba kila siku na bado ana njaa.

Na hizo nafaka tisa? Mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi ni wanga ule ule uliobadilisha majina. Chukua vipimo vitatu vya nafaka moja na kipimo kimoja cha jamii ya kunde, inatosha. Soya isiingie mbichi, kwa sababu ina kemikali inayozuia mwili kusaga protini. Itie kwenye maji yanayochemka, ichemke nusu saa, isugue maganda yatoke, ianike, ikaange kidogo, ndipo uipeleke mashineni. Karanga usizisage pamoja na unga wa kukaa muda mrefu, mafuta yake yanachacha. Saga kidogo kidogo nyumbani, uchanganye uji ukikaribia kuiva.

Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zitupe, na mahindi yaliyooza vivyo hivyo, hata kama umeyapata kwa bei ya kutupa soko la Kilombero au la Mbuyuni. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na hapo jirani zetu Manyara, kwa mahindi ya nyumbani kabisa.

Uji mzito wenye nguvu una tatizo moja: mtoto mdogo hawezi kuumeza. Watu wa Kilimanjaro, tena wanaopika pombe ya mbege, wana jibu lake jikoni nao wanauliza dukani. Jibu ni kimea. Chukua ulezi mzima ambao haukutiwa dawa ya mbegu, uoshe, uloweke usiku mzima, uchuje, kisha uutandaze na kuufunika kwa kitambaa kibichi kwa siku mbili au tatu. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Vimizizi vyeupe vikitokeza, anika juani hadi ukauke kabisa, sugua vimizizi vidondoke, pepeta, saga. Tumia ulezi, usitumie mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanaidi. Ukinusa ukasikia harufu ya uvundo, umekaa na maji mengi: tupa, anza upya.

Kwenye kupika, weka gramu 100 za unga, vijiko kumi vya chakula vya kujaa, katika nusu lita ya maji. Utapata kitu kinachosimamisha mwiko. Epua, acha kipoe mpaka usikie joto kali lakini mvuke umetulia, kisha koroga kijiko kimoja cha chakula cha kimea. Ukikitia uji ukiwa unatokota, vimeng'enya vya kimea, vile vinavyolainisha wanga, vinakufa na hakuna kitakachotokea. Hapo ndipo wengi husema kimea hakifanyi kazi. Ndani ya dakika kumi mwiko unaanza kuteleza, uji unamiminika. Rudisha jikoni uchemke dakika tatu hivi, maana nafaka iliyochipua hubeba vijidudu. Kikombe kile kile cha mililita 200 sasa kina kilokalori zaidi ya 120. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta na unapata 40 nyingine.

Usiumimine kwenye chupa ya chai unywewe hadi jioni. Uji wa uvuguvugu unaokaa saa sita ni kitalu cha bakteria, na kuharisha mara mbili kwa mwezi kunafuta kazi yote. Pika mdogo, mara mbili kwa siku. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha.

Hata uji mzuri haumalizi kazi, kwa sababu ya madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto inaisha karibu na mwezi wa sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mtori ungeweza kusaidia, lakini angalia unavyopakuliwa: nyama inaopolewa kwa ajili ya wakubwa, mtoto anapondewa ndizi kwa supu. Protini na chuma vimebaki kwenye nyama. Chukua vijiko viwili vya nyama iliyosagwa, au iponde kinuni ilainike, uichanganye kwenye ndizi yake. Maini mara moja kwa wiki, vijiko viwili. Siku nyingine yai, dagaa waliosagwa unga, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Maziwa ya ng'ombe wa zizini yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja, na asali asionje kabisa kabla ya umri huo.

Maharage usiyalainishe kwa magadi. Magadi ya huku kwetu yana floraidi nyingi, na maji ya sehemu kadhaa za Meru, Maji ya Chai na Ngurdoto zikiwemo, yanapita mno kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Meno ya mbele ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi katika miaka minne ya kwanza, na doa la kahawia litakaloonekana darasa la pili limetiwa sasa. Uji wa mtoto upikwe kwa maji ya mvua, baada ya mvua za kwanza kuosha bati, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale ambapo mama anakunywa maji hayo hayo.

Kwa hiyo, dada yangu wa Sakina: milo mitatu hadi minne mizito kwa siku, nusu kikombe hadi robo tatu, na titi akiamka, baada ya kula na usiku. Usiku usiuruke, kwani homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi saa hizo. Akishika titi, kidevu kiguse, mdomo wa chini ugeukie nje, weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Kama uko kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hiyo si fadhila ya bosi. Wenye watoto chini ya miezi 6, nyie hamna haja ya uji wala maji, hata jua la Januari likiwaka Moshi: dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndani ya saa ya kwanza, kisha titi mara 8 hadi 12 kwa siku. Nepi sita zilizolowa kwa siku, baada ya wiki ya kwanza, zinakwambia maziwa yanatosha.

Mpime tena baada ya wiki mbili. Uzito ukikataa, au utepe wa kupima mzunguko wa mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5, usisubiri tarehe ya kliniki. Chini ya 11.5 ni siku hiyo hiyo.

Binti naye. Umri wa kubalehe ni wakati mwingine ambao mahitaji ya chuma yanapanda, kama kwa mdogo wake: anarefuka na anapata hedhi. Bweni anakula ugali, maharage na makande, na juu yake chai ya rangi, ambayo inazuia chuma cha maharage kufyonzwa. Chai aisogeze saa moja mbali na mlo. Karibu na maharage apate chungwa, pera au kachumbari. Juisi ya bitiruti mnayompelekea siku ya kutembelewa ni nyekundu tu. Gramu 100 za bitiruti hazifiki miligramu moja ya chuma, maini ya ng'ombe yaliyopikwa yana zaidi ya sita. Mfungie dagaa wa kukaanga wakavu kwenye kopo.

Lakini kabla ya dagaa, apimwe wingi wa damu. Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na upungufu hautibiwi kwa chakula pekee. Atapewa vidonge vya chuma, kwa kawaida miezi mitatu. Choo kitakuwa cheusi, ni chuma kilichobaki, asiogope akaviacha. Na asivimeze kwa chai.