Anajua kanuni zote za eneo na mzingo, akipewa fumbo anakwama: yaliyonikuta mimi na mwanangu

Mleta mada, umesema binti yako anazitaja kanuni za eneo na mzingo bila kukosea, lakini akikutana na fumbo anazidisha namba mbili za kwanza anazoziona, basi. Ukauliza kama umwongezee mazoezi ya kanuni. Mimi nasema usijisumbue. Kanuni anazo tayari, kinachompiga chenga ni maneno.

Mimi ni fundi wa vigae, na shuleni hesabu zilinishinda vibaya. Nilikuja kuzielewa ukubwani, nimepiga magoti sakafuni na tepu mkononi. Mwanangu alipoanza kulia na mafumbo hayo hayo nikamfundisha kwa vitenzi. Nilimwambia kila fumbo la aina hii linakutaka uzunguke, ufunike au ugeuke. Ukizunguka ni mzingo: uzio, fremu ya picha, mtu anayekimbia pembeni mwa uwanja. Ukifunika ni eneo: rangi, zulia, nyasi. Ukigeuka ni pembe. Kabla hajagusa kalamu lazima anitajie kitenzi. Mwanzoni alikuwa anabahatisha tu.

Halafu tukafika kwenye fumbo la bustani, na hapo nilijifunza hata mimi. Lilisema hivi: bustani ya mstatili ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, njia yenye upana wa mita 1 imeizunguka kwa nje, tafuta eneo la njia. Mtoto kaona "imeizunguka", kasema mzingo! Nikamwambia soma tena, anayezunguka ni nani? Njia. Na wewe unatakiwa ufanye nini na hiyo njia? Akakaa kimya, kisha akasema naifunika. Sawa.

Akaandika 13 mara 9, akatoa 96, akapata 21. Sikumwambia amekosea. Nilimwambia achore. Akachora mstatili mmoja ndani ya mwingine, akaweka kidole upande wa kushoto akasema mita moja, akakipeleka kulia akasema mita moja, akanitazama. "Baba, ziko mbili." Basi mstatili wa nje ni 14 kwa 10, yaani 140, ukitoa 96 unabaki na mita za mraba 44.

Kesho yake akaja na njia yake mwenyewe: mzingo wa bustani ni mita 40, upana wa njia ni mita 1, kwa hiyo eneo ni 40. Nikampa karatasi na mkasi. Akakata vipande vinne vya njia, viwili virefu vya 12 na viwili vifupi vya 8, akavipanga kuizunguka bustani, na kila kona pakabaki tundu. Matundu manne ya mita 1 kwa mita 1. 40 na 4 ni 44. Hiyo picha ya matundu haijamtoka mpaka leo, na wala hakuna kanuni ingemwonyesha.

Kwa hiyo mchoro ni lazima, hata mbaya. Tena aandike namba juu ya mchoro, kila moja pembeni ya mstari wake. Namba ikikosa pa kukaa, ujue sentensi haijaeleweka.

Vipimo mchanganyiko navyo vinaua wengi. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, siyo 100. Ukimwambia tu hivyo atasahau. Mwambie achore mraba wa mita moja, aupange vimraba vya sentimita moja: safu 100, kila safu vimraba 100. Mimi mwenyewe namwambia abadilishe kila kitu kuwa kipimo kimoja kabla ya kuzidisha, maana ukibadilisha baada ya kuzidisha ndipo mambo yanapoharibika.

Sasa niwape kisa changu, maana kuna watu wanaodhani ukishapata eneo umemaliza. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi nilipewa chumba cha mita 5.05 kwa 3.6, vigae vya sentimita 40 kwa 40. Nikapiga hesabu safi kabisa: eneo mita za mraba 18.18, kigae kimoja 0.16, ukigawanya unapata 113 na ushee. Nikaagiza 114, hata vya akiba sikuweka. Kwenye upana vigae 9 viliingia barabara. Kwenye urefu viliingia 12, ukabaki ukanda wa sentimita 25. Kila kigae nilichokata sentimita 25 kiliniachia kipande cha 15 ambacho hakina kazi. Ukanda ule ulitaka vigae 9 vizima vya kukata. 108 na 9 ni 117. Nilipungukiwa vitatu, na hesabu yangu ya eneo haikuwa na kosa hata moja! Eneo linadhani unaweza kuunganisha makombo. Kwa hiyo fumbo likiuliza "vigae vingapi vitahitajika", aangalie kwanza vinaingia vingapi kila upande, cha kukatwa akihesabu kizima, ndipo azidishe.

Nguzo za uzio ni ndugu wa hili. Uzio uliofunga wenye mzingo wa mita 40, nguzo kila mita 2, unataka nguzo 20. Uzio ulionyooka wa mita 40 unataka 21, kwa sababu hapo nguzo ya mwisho siyo ile ya kwanza. Achore nukta, ataona mwenyewe.

Kuhusu duara sina mengi. Akiona 7, 14, 21 au 70, mtunzi anamnong'oneza atumie 22/7. Tairi la kipenyo cha sentimita 70 likizunguka mara moja linasogea sentimita 220. Ila ajue 22/7 ni makadirio ya pai, ile namba unayozidisha na kipenyo kupata mzingo wa duara. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishaonyesha zamani kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko hiyo.

Pembe ndizo watoto wanaziona kama somo la peke yake, wakati zimeshika kila kitu. Chukua vijiti vinne, viwili vya sentimita 40 na viwili vya 30, vifunge kwenye kona kwa kamba. Una mstatili, mzingo 140, eneo 1,200. Usukume ulale upande. Mzingo haujabadilika hata nukta, ila eneo linapungua, na kona ikifika nyuzi 30 limebaki 600, nusu kamili. Ndiyo maana sisi mafundi hatuamini chumba kwa kupima kuta nne tu. Tunapima mshazari, kona hadi kona, yote miwili. Kuta za mita 4 na 3 zikiwa na kona za nyuzi 90, kila mshazari unatoa mita 5 kamili: 16 na 9 ni 25. Niliwahi kukuta mmoja 5.20, nikajua bila kupima kwamba mwingine uko chini ya 5. Ulikuwa 4.79. Kuta zote zilikuwa sahihi, chumba kimelala.

Mafumbo ya saa yana mtego wa Kiswahili chenyewe. "Saa tisa na nusu, pembe kati ya mishale ni nyuzi ngapi?" Mtoto anaweka mshale mfupi kwenye 9, wakati kwenye uso wa saa uko karibu na 3. Akishavuka hapo anasema nyuzi 90, kwa kuwa 3 na 6 zinatengana robo. Lakini nusu saa imepita, mshale mfupi nao umesogea nusu ya njia kutoka 3 kwenda 4, nyuzi 15. Jibu ni 75. Mpe saa ya mishale aizungushe kwa kidole, maelezo yangu haya yote hayatafika hata robo ya hapo.

Kama unataka pa kuanzia, leo jioni mpe fumbo la bustani bila namba yoyote. "Kuna bustani, kuna njia imeizunguka, nataka kujua eneo la njia, nieleze utafanyaje." Akikuchorea mistatili miwili na akakuonyesha kona nne, mpe namba. Akikuuliza "namba ziko wapi?", usimpe kwanza, mpe mkasi.