Jibu: Wekundu juu ya Kibo ni aurora?

Mkuu, umeuliza kama wekundu uliouona juzi usiku ukiwa Moshi, upande wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni aurora (mwanga wa rangi unaowaka angani usiku, hasa karibu na ncha za dunia), kwa kuwa umesikia jua limechafuka. Sidhani. Chembe zinazotoka kwenye jua huelekezwa na usumaku wa dunia kwenye ncha zake mbili. Huko ndiko zinakogonga hewa ikawaka, kijani kuanzia kilomita 100 hivi juu, nyekundu ukipita 200. Sisi tuko nyuzi 3 tu kutoka ikweta.

Mei 2024 ilipiga dhoruba ya jua kali kuliko zote tangu 2003. Florida waliona aurora, Afrika Kusini wakapiga picha. Mimi nilikaa nje na chupa ya chai hadi saa nane, nikaambulia mbu na mbwa wa jirani.

Halafu angalia uelekeo: ingefika kwetu, ungeiona chini kabisa kusini, upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, sio mlimani. Mlimani mara nyingi ni moto. Oktoba 2020 si ulionekana hadi mjini? Asubuhi tazama kama kuna moshi, utuletee na picha.