Mionzi kupungua Marekani hakumaanishi CT zimepungua

Umeuliza: kama Wamarekani wanapata mionzi kidogo hospitalini kuliko zamani, si ina maana wanapigwa CT (picha za kompyuta za ndani ya mwili zinazotumia eksirei) chache? Hapana, usichanganye idadi ya vipimo na dozi.

Mwaka 1980 Marekani ilifanya CT kama milioni 3, na kufikia 2006 zilikuwa milioni 62 hivi. Dozi ya kitabibu kwa kila mtu ikapanda kutoka milisivati (kizio cha dozi ya mionzi mwilini) 0.53 hadi 3.0 kwa mwaka. Hesabu ya 2016 ilionyesha imeshuka hadi kama 2.2, na huku CT zimezidi kuongezeka! Kilichopungua sana ni vipimo vya moyo vya nyuklia (mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi), ambavyo dozi yake ni kubwa. Mashine nazo zimeboreshwa: zinapunguza zenyewe umeme wa tyubu inayotoa eksirei kwenye sehemu nyembamba za mwili, na programu mpya husafisha picha iliyopigwa kwa mionzi michache.

Kwa hiyo ukilinganisha nchi au hospitali, idadi pekee haitoshi. Angalia DLP (jumla ya mionzi ya CT kwa urefu wote uliopigwa, kwa mGy·cm) kwenye ripoti ya dozi. Kwa tumbo la mtu mzima, zidisha DLP kwa 0.015: DLP 600 ni kama milisivati 9. Kosa linalojirudia ni kupiga tumbo lilelile kabla na baada ya dawa ya kontrasti (inayofanya viungo vionekane vizuri kwenye picha) bila sababu ya kitabibu. Takwimu inaandika mgonjwa mmoja, kipimo kimoja, kumbe dozi ni karibu mara mbili.