Nafasi mbili za kadi kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kamera yako imezeeka. Utanunua ipi badala yake, na kwa nini?" Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Chake Chake, na kazi yangu kubwa iko upande wa wanawake: kutiwa hina, singo, na usiku wa kupambwa biharusi. Swali lenu ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo siku hizi, kwa hiyo nitajibu kama mtu ambaye pesa inatoka mfukoni mwake. Nitanunua Canon EOS R6 iliyotumika, pamoja na adapta ya kuvalia lenzi zangu za zamani. Sababu inayotangulia zote ni kwamba ina nafasi mbili za kadi za memori.

Niliyonayo ni Canon EOS 6D, kamera ya mwaka 2012. Imenilisha na sina neno baya juu yake. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ile kubwa ya milimita 36 kwa 24, na gizani bado inazishinda kamera nyingi ndogo zilizotoka baada yake. Lakini shata yake, pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, ilitengenezwa kuhimili mipigo kama 100,000, na kwa mtu wa harusi idadi hiyo haichukui miaka mingi kumalizika. Yangu iko ukingoni. Inaweza kuendelea mwaka mzima, inaweza kukatika katikati ya shughuli ya watu, na mwenye shughuli hakunilipa nije nimbahatishie.

Ninavyoona mimi, mtu anayebadilisha kamera asianze kwa kuuliza ipi ni nzuri. Zote zinazouzwa leo ni nzuri. Aanze na ile aliyonayo na atazame inamwangusha wapi, tena katika kazi ipi hasa. Yangu inaniangusha usiku wa kupamba.

Biharusi amekaa jukwaani, macho ameyainamisha kama ada inavyotaka, mikono imelala mapajani, piko nyeusi imepanda mpaka karibu na viwiko na ncha za vidole zimekolea hina. Taa za ukumbi ni zile za LED za rangi, zambarau inakuja, buluu inafuata. Flashi ya usoni inaua rangi ya hina na inamfanya mtoto wa watu afumbe macho, kwa hiyo naiweka pembeni, nafungua lenzi ya milimita 85 mpaka f/1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga mwingi. Nikiwa mita 2 kutoka kwake, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 6 tu kwa kina. Kope zikitoka kali, sikio limeshapotea. 6D ina nukta 11 za fokasi, yaani za kulenga panapotakiwa kutoka kali, na ni ya katikati peke yake inayoona vizuri gizani. Nailenga jichoni, naishikilia, kisha naisogeza kamera ili nimpange biharusi kwenye fremu. Katika kusogeza huko, naye akivuta pumzi tu, fokasi imeshatoka kwenye kope imehamia kwenye mtandio. Kwenye kioo kidogo cha nyuma picha inaonekana safi. Ukiifungua kwenye kompyuta unazihesabu nyuzi za dhahabu moja moja, na macho yamelegea.

Kamera zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi (mirrorless), R6 ikiwamo, zinatafuta fokasi kwa sensa yenyewe, karibu fremu nzima, na R6 inalitambua jicho na kulifuata popote lilipo kwenye fremu. Vilevile sensa yake inajisogeza kidogo kidogo kupinga mtetemo wa mkono, jambo litakaloisaidia sana lenzi yangu ya 85 isiyo na kizuia mtetemo. Haitamtuliza mtu anayecheza msondo, hilo ni kazi ya shata ya kasi, lakini biharusi aliyetulia jukwaani itampata.

Sasa nirudi kwenye kadi. Usiku ule ukipita haurudiwi. Huwezi kumwambia mtu akakae tena jukwaani, piko ichorwe upya, na bibi yake aliyetoka Micheweni akiwa mgonjwa aje tena amshike mkono. Kadi ya memori ni kitu kidogo cha plastiki na umeme, na huharibika bila kutoa taarifa. Kamera yenye nafasi mbili unaweza kuiweka iandike kila picha mara mbili kwa wakati mmoja; kadi moja ikifa, nyingine inayo kila kitu. Kwa mwenye kupiga picha za mandhari au za mitaani huenda hili ni la ziada. Kwa mwenye kuchukua pesa ya harusi, naliona ni la lazima.

Na iko sababu ya pili ya kuzijali kadi. Ukumbini kwetu wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, watu wamejipamba kwa ajili ya wenzao tu. Aghalabu mlangoni mtu anaambiwa azime simu. Mama wa biharusi hunishika bega kabla hatujaanza: "Mwanangu, picha hizi ni amana." Namjibu, "Inshallah mama, hazitoki." Basi neno hilo lina upande wake wa ufundi, na wapiga picha wenzangu wengi hawauzingatii. Ukifuta picha kwenye kadi, au hata ukiifomati kwa haraka, picha zenyewe bado zimo mpaka ziandikwe nyingine juu yake, na programu za kurudisha mafaili zinapatikana bure. Kamera za Canon zina chaguo la kufomati kwa kina. Nalitumia nikishamkabidhi mtu kazi yake. Kadi kuukuu siuzi wala siazimi, zikichoka nazivunja. Anayeuza kamera yake aiuze bila kadi, na afute pia mipangilio ya Wi-Fi.

Ndiyo maana simu sikuitia kwenye hesabu, ingawa najua wasomaji wengi watajibu kwamba simu zimeshamaliza mjadala. Ufukweni, jua la saa kumi na moja, simu nzuri inatosha kabisa. Lakini simu nyingi hupakia picha kwenye akaunti ya intaneti zenyewe, mwenye simu akiwa hata hana habari, na akaunti hiyo hiyo mara nyingine iko wazi kwenye kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na kila mtu. Kamera iliyozimwa Wi-Fi haipeleki kitu popote. Mama wa watu akiniona na kamera shingoni anajua picha ziko wapi.

Nilizozilinganisha na R6 zilikuwa chache. Canon 5D Mark IV ya mwaka 2016 ni kamera ya kioo cha ndani kama 6D, ina nafasi mbili za kadi za aina tofauti, moja ya CF na moja ya SD, na mipigo yake inakadiriwa 150,000. Ni imara sana, na mtu akiipata kwa mwenyewe aliyeitunza sitamkataza. Lakini nukta zake 61 za fokasi zimejazana sehemu ya kati, na jicho la biharusi mara nyingi liko juu yake. Tena Canon na Nikon hazijatoa kamera mpya ya kioo tangu 2020. Canon RP ya 2019 ilinivutia kwa bei, ilipotoka ilikuwa dola 1,299 wakati R6 mwaka mmoja baadaye ilitoka kwa 2,499, ila ina nafasi moja ya kadi. Kwangu mazungumzo yakaishia hapo.

Sony A7 III ina nafasi mbili na fokasi ya macho ya kutegemewa, na betri yake inadumu kuliko ya R6. Ningekuwa naanza kazi leo bila lenzi hata moja, huenda ndiyo ningeichukua. Mimi ninazo lenzi tatu za EF, zile za kamera za kioo za Canon, na nikiziuza hapa Pemba nitapata robo ya thamani yake. Lenzi za EF tangu zianze mwaka 1987 zina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo kwenye adapta ya Canon zinafanya fokasi kama kawaida. Wenye Nikon wawe waangalifu: adapta yao ya kuvalia lenzi za zamani, FTZ, haina mota, na zile lenzi za zamani za AF-D zinazosukumwa na mota ya kamera zitabaki za kuzungusha kwa mkono.

Megapikseli hazikunishughulisha. R6 ina 20 kama 6D, picha yenye nukta 5472 kwa 3648. Kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi hiyo ni picha ya kama sentimita 46 kwa 31, yaani kurasa za albamu zetu kubwa zimetimia. Kamera ya megapikseli 45 ingenijazia diski bila mteja kuona tofauti.

R6 ina gharama zake, na ni haki nizitaje. Inakula betri. Kwa kipimo cha kiwanda 6D inapiga picha 1,090 kwa chaji moja. R6, ukitazama kwenye kitundu chake cha kuchungulia, 380. Kwenye kazi halisi unapata zaidi ya hapo, lakini pengo lipo, na umeme wetu mnaujua. Nafuu yangu ni kwamba betri za LP-E6 nilizonazo zinaingia humo humo. Betri za bandia zimejaa sokoni. Bora mbili za asli kuliko nne zinazovimba. Jambo jingine ni shata ya kimya, ile ya umeme tupu. Inavutia kuitumia msikitini wakati wa kufunga ndoa, na kwa mwanga wa dirishani haina tatizo, lakini chini ya taa za LED huweza kuchora mistari ya giza picha nzima. Ukumbini nitatumia shata ya kawaida.

Kuhusu kununua iliyotumika, nawaomba mnaokwenda Darajani, Kariakoo au kuagiza kwa jamaa aliyeko Dubai muishike kamera mikononi kabla pesa haijatoka, au muwe na mtu wa kuishika kwa niaba yenu. Fungua mlango wa betri, tazama kama kuna kutu ya kijani kwenye shaba. Piga picha lenzi ikiwa imefunikwa, shata sekunde kadhaa, uangalie nukta nyeupe. Jaza kadi zote mbili, si moja. Idadi ya mipigo kwa Nikon imo ndani ya faili la picha. Kwa Canon kwa kawaida haimo, inahitaji kompyuta na programu, kwa hiyo neno la muuzaji peke yake halitoshi. Lenzi imulike kwa tochi kutoka nyuma: kuvu huonekana kama utando wa buibui, na ukishakula vioo haufutiki.

Kuvu ndiyo adui wetu visiwani kuliko mchanga na kuliko chumvi. Hewa yetu ya masika ina unyevu wa kuotesha kila kitu kilichofungiwa kwenye begi la ngozi kabatini. Mimi natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, vijipakiti vya silika ndani, na kipima unyevu kidogo; nataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikilowa naikausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Mchele usiuweke, una vumbi. Na ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda uani kupiga picha za ngoma, itie kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwanza, uiache ipate joto, ndipo uitoe. Hili lina uzito zaidi kwa kamera isiyo na kioo, maana ukivua lenzi sensa iko pale pale mdomoni.

Nataka niwe nayo mkononi kabla ya Shaabani, ili mikono iizoee katika harusi za kabla ya Ramadhani na Mfunguo Mosi usinikute nikitafuta vitufe. Ile 6D siiuzi. Itakaa shingoni na lenzi ya 24-105 kwa picha za ukumbi mzima, ambako fokasi yake haina shida, na R6 itabaki na 85 kwa ajili ya biharusi.

Mpiga picha wa harusi, Chake Chake, Pemba